Oili ya Afande

Jumanne

Halafu bado anajisifu! Mume wangu Okello, afande mstaafu, ameshikilia kwamba gari kuukuu hunyweshwa oili nzito, na aliyoitia mwezi huu ni nzito kama uji. Tangu hapo kila asubuhi injini inagonga, na mimi ndiye ninayempeleka mama kliniki.

Leo nilisimama kwa fundi mmoja mtaani Ntinda, nikafungua boneti mwenyewe. Juu ya kifuniko cha oili imeandikwa 5W-30, yaani nyepesi. Nikamwambia fundi aimwage ile ya Okello, atie hiyo.

"Nnyabo, bibie, mzee atanigombeza," fundi akasema.

"Mzee hakuiunda injini hii. Mwaga."

Gari likawaka bila kelele. Mama alisinzia hadi kliniki, yeye ambaye huniombea dua kila kona.

Jioni Okello akalisikiliza, akatabasamu. "Unaona? Oili yangu imezoea injini."

Nikamwambia ukweli. Alitoka akaliwasha gari, akakaa ndani peke yake. Naogopa kidogo, oili hii nyepesi ikianza kuvuja, nitasimangwa mpaka kaburini.

Aliporudi, aliniuliza kwa sauti ndogo kama na pikipiki yake imeandikwa mahali aina ya oili.