Leza Inapogonga Chuma

Shikamoo Baba,

Nakuandikia kadi kwa sababu kwenye simu husikii tena, na hili nataka ulipate lote.

Huku baridi inauma masikio, lakini ndani ya kiwanda cha chuma ni jasho tupu. Bamba la chuma linapita kati ya rola likiwa jekundu kama kaa la moto. Halikaribiki. Basi wanaligonga kwa mwanga wa leza, mtetemo unapenya ndani, na mwanga mwingine unausoma ukirudi, kuonyesha kama chembe za chuma ni ndogo na imara, au zimevimba.

Jana, siku yangu ya kwanza, leza ilipopiga nikamshika mkono mwenzangu: "Nyamaza!" Mitambo inanguruma kama radi, mimi nanyamazisha watu! Wakacheka. Nikawaeleza habari za kibanda chetu cha uhunzi Makorora, ulivyokuwa ukigonga panga kwa nyundo, sote kimya ili usikie mlio wake, kisha unasema, "Hili bado halijaamka, lirudisheni motoni."

Kicheko kikaisha. Mkuu wa zamu akasema, "Basi mzee wako alitutangulia."

Masikio yako yaliishia kwenye nyundo ile, Baba. Nikirudi, wewe gonga tu. Mimi nitakusikilizia.

Mwanao,
Zuhura