Mkazo Barabara ya Kondoa

Ipagala, Dodoma
5 Mei 2024

Dada Sikudhani,

Shikamoo dada. Assalaam alaikum. Habari za Kondoa, na alizeti mmeanza kuvuna? Huku mke wangu Salma na watoto ni wazima, ila huyu mdogo ana mafua. Masikio yako je? Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Nikikupigia lazima nipayuke ndipo unisikie, na jambo hili halipayukwi. Meseji nazo unasomewa na wanao. Ndiyo maana nimeandika, nikampa Damas, dereva mwenzangu, akukabidhi mkononi.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Babati, basi limejaa, Chemba tumeshaipita. Ghafla maumivu yakanishika huko nyuma, pale ninapokalia, lakini kwa ndani. Dada, nimewahi kuvunjika mguu, na maumivu ya jino nayajua, lakini haya sijui niyafananishe na nini. Kama mtu amefunga fundo humo ndani, halafu analikaza, analikaza. Jasho likanitoka. Nikaegesha. Nikawaambia abiria naangalia tairi, nikazunguka upande wa porini, nikaegemea basi huku nimeuma meno. Kitambo kidogo yakaachia. Yakaisha kabisa, kama hayakuwepo. Nikaendesha hadi Dodoma.

Si mara ya kwanza. Hukaa hata miezi, kisha huja bila hodi. Sijamwambia mtu, hata Salma. Nataka kujua kitu kimoja tu: mama alianza hivi? Wewe ndiye uliyemuuguza, mimi nilikuwa mdogo. Niambie ukweli, nitaubeba.

Mdogo wako,
Msafiri


Kondoa
8 Mei 2024

Mdogo wangu Msafiri,

Marahaba. Waalaikum salaam. Mimi mzima, masikio ni yale yale, na alizeti tunavuna zile tulizoachiwa na ndege. Mpe pole mtoto.

Barua yako nimeisoma, nikaenda kuswali, nikarudi kuisoma tena. Kwanza, hiyo "huko nyuma" ina jina. Ni njia ya haja kubwa. Ni kiungo kama kidole, Mungu hakukiumba kwa bahati mbaya. Ukifika kwa daktari ukaanza kusema "huko, pale, kwa ndani", atakutibu mgongo.

Mama alikuwa anatoka damu chooni. Alikonda mpaka kanga moja ikawa inamzunguka mara mbili, na maumivu yake hayakuwa na siku ya mapumziko. Aliona haya kusema. Tulipomfikisha hospitali walituambia tumechelewa. Yako yanakuja na kuondoka, na Damas anasema sahani yako hairudi na hata punje. Hayafanani. Lakini mimi si daktari, na wewe pia si daktari. Nenda kapimwe.

Sasa nasema kama mtu aliyekulea. Usishike usukani mpaka upimwe. Ungekuwa mkulima, ungejilaza shambani yakaisha. Wewe nyuma yako wamekaa watoto wa wenzako. Mwambie Stanley, tajiri wako mwenye basi. Usipokwenda, nitakuja mimi.

Dada yako,
Sikudhani


Kondoa
27 Mei 2024

Msafiri,

Hujambo? Mimi sijambo. Damas ameapa kwamba barua alikupa mkononi. Leo basi lako limepita hapa, hukushuka kunisalimia, umepiga honi ukaenda zako. Tena umeshika usukani mwenyewe. Honi hata mimi naisikia.

Alhamisi nitakuwa stendi.

Dada yako,
Sikudhani


Ipagala
7 Juni 2024

Dada Sikudhani,

Shikamoo. Natumai ulifika salama na mgongo umepoa baada ya safari. Watoto wanakuulizia. Salma anasema ukija tena usikimbilie kurudi.

Dada, ulinitendea jambo. Ulipopanda pale Kondoa ukamwinua mtu wa siti ya mbele ili ukae karibu yangu, nilidhani utanikalia kimya tu, kunitia aibu ya kiasi. Kumbe! Tumeipita Chemba, mara naisikia sauti yako, hiyo unayodhani ni ya chini: "Msafiri, njia ya haja kubwa haijikazi leo?" Basi zima! Wallahi nilitamani niruke dirishani niwaachie gari.

Lakini nimekaa nikamkumbuka yule mzee wa Kigogo, Bartolomayo, aliyesimama kule katikati. Wengine wanacheka, yeye akasema, "Mama, ni ule mkazo wa ghafla? Mimi ulinianza nikiwa kijana nachunga ng'ombe. Bado nachunga." Kicheko kikaisha. Na mimi, dada, nikapumua. Nilikuwa nimeamini niko peke yangu duniani.

Ulipoondoka nilirudi ile hospitali uliyonipeleka, kama nilivyokuahidi. Daktari Angelina yule yule. Kumbuka nilivyotaka kugeuza mlangoni nilipoona ni mwanamke, ukanishika mkono. Kile kipimo cha kidole hakikuniua. Kwa sababu ya habari za mama, akaagiza na kipimo cha kamera. Nilifunga kula, nikanywa dawa ya kuharisha, siku hiyo choo cha Ipagala kilinijua. Majibu yametoka: hakuna uvimbe, hakuna kidonda, hata bawasiri sina.

Nikamuuliza, "Sasa ni nini kinachoniua?" Akasema, "Hakuui. Ni msuli wa njia ya haja kubwa unajikaza wenyewe, kama mguu unavyokazwa misuli. Kwa nini unajikaza, kwa hakika hatujui." Nikasema, "Kwa hiyo hakuna dawa?" Akasema kuna namna ya kuishi nao. Ukija nisishindane nao kwa kubana. Nivute pumzi taratibu, niiachie polepole, nitembee kidogo. Nikiwa nyumbani nikalie beseni la maji ya uvuguvugu. Ninywe maji, nile mboga, nisizuie haja. Hapo alinipata. Sisi madereva hatunywi maji tusije tukasimamasimama. Akasema pia nikiona damu, au nikikonda, au maumivu yakikataa kuondoka, nirudi mara moja, nisikae na majibu ya leo.

Kwa Stanley nilikwenda nimejiandaa kufukuzwa. Akaniuliza tu, "Ungeniambia lini?" Amenikalisha dirisha la tiketi mpaka daktari aridhike, kisha nitarudi barabarani pamoja na Damas, tukipokezana.

Salma nilimweleza jioni ile ile. Alikasirika kwamba ulijua kabla yake. Maumivu yalikuja tena juzi nikiwa sebuleni. Salma aliinuka akapasha maji. Nilikaa kwenye beseni kama mtoto, na fundo likalegea.

Mdogo wako,
Msafiri


Kondoa
12 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Alhamdulillahi. Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimechinja jogoo.

Salma ana haki ya kukasirika. Mwombe radhi vizuri, si kwa maneno ya haraka haraka. Na sauti yangu ya basini siiombei radhi.

Dada yako,
Sikudhani


Babati
18 Agosti 2024

Dada Sikudhani,

Shikamoo. Sisi wazima, mafua yamehamia kwa mama yao. Barua hii anakuletea Damas anayetangulia leo na gari jingine. Kesho anarudi, keshokutwa tunashuka pamoja.

Nimerudi barabarani, na jana maumivu yalinijia, kwenye miinuko ya Kolo. Nilipoanza tu kuyahisi niliwasha indiketa, nikaegesha pazuri, nikasimama nikawageukia abiria. Nikasema, "Jamani, msuli wa njia ya haja kubwa umenikaza. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala gari halina kosa. Natembea kidogo, Damas anashika usukani." Dada, sauti haikutetemeka. Mmoja alicheka. Wengine wakashuka kujinyoosha. Nikatembea, nikapumua kama nilivyofundishwa, fundo likaachia.

Nilipogeuka nikamkuta mama mmoja amenifuata. Alikuwa akiangalia vilima, haniangalii mimi. Akaniuliza hayo maumivu yangu yanakujaje. Nikamweleza. Akasema, "Mimi si hivyo, mwanangu. Mimi natoka damu, tangu kabla ya Ramadhani."

Sikumwambia avute pumzi. Nilimwambia, "Mama, yako si yangu. Yako ni ya kwenda hospitali." Akasema hajui hospitali za Dodoma, na hajui atamwambia nani maneno kama hayo. Nikasema ataniambia mimi, nami nitamfikisha mpaka mlangoni kwa Daktari Angelina. Nikampa namba yangu, akashuka kwao Kolo kuzungumza na mumewe, na asubuhi hii amenipigia simu: anakwenda.

Keshokutwa nampakia Kolo. Nimemwekea siti ya mbele. Tukifika Kondoa uwe stendi, dada, upande nawe tuende wote. Anaitwa Hamida, na hajawahi kufika Dodoma.

Mdogo wako,
Msafiri