Kufuli la Jikoni

Badria, mama mkwe kanivunjia kufuli la jiko! Kalivunja kwa mchi! Ati namtesa mjukuu wake kwa njaa.

Nikamwambia: "Mama, Mundhir kazaliwa na maradhi, ubongo wake haujui kushiba. Sindano ya homoni inamsaidia kukua, njaa haiondoi. Daktari ndiye aliyesema jiko lifungwe."

"Mtoto mnene ni neema," akanijibu. Neema! Mbele ya mawifi zangu wote!

Kakaa ukumbini kunisuta mpaka adhana ya magharibi. Tunaingia jikoni, Mundhir keshamaliza futari ya watu tisa, na sambusa mbichi za frizani juu yake.

Tumefuturu tende na maji.

Sasa ananiuliza kwa upole: "Mwanangu, makufuli makubwa Mwanakwerekwe yanauzwa duka gani?"