Vyombo Nje, Hata Ufukweni

Nyumba ya Wageni ya Mama Erica,
Nkhata Bay, Malawi.
12 Januari 2025.

Mpendwa Shangazi Paskazia,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua niliyokuachia haijaishia kwenye miguu ya mdogo wangu Zablon na mpira wake. Mvua je, imeshanyesha huko Makutupora, au mawingu bado yanapita tu kwenda kwa wengine? Mimi ni mzima, ila pua imeungua na jua, na viatu vimechoka kuliko mimi.

Najua simu ipo. Lakini wewe ndiye uliyesema mambo ya shamba hayaongelewi hewani, basi nimenunua karatasi.

Tangu nitoke na begi mgongoni, huu ndio mji wa kwanza ulionifanya nisitamani kuendelea. Upo kando ya ziwa. Sisi tunaliita Nyasa, wenyeji wanaliita Malawi, nami kwa kuwa nalala kwao na kula kwao, naliita ziwa tu.

Jana hadi mchana sikufanya kitu, Shangazi. Nasema hata kimoja. Niliamka jua limeshapanda, nikatandika mkeka mchangani, nikala ugali wa muhogo na usipa, vidagaa vya hapa, nikalala tena. Ungeniona ungeniuliza naumwa nini. Wanawake walikuwa wakiosha vyombo ziwani na kumwaga maji bila hata kuyatazama. Hilo bado linanishinda kuzoea.

Ila moyo haukutulia. Mama Erica, mwenye nyumba hii, aliyejifunza Kiswahili akifanya biashara Kyela, ameniomba nibaki nimsaidie kupokea wageni. Nawe ulitaka jibu langu mwezi huu: nirudi nishike mizabibu, au umwachie shamba yule bwana anayesaka viwanja tangu uwanja wa ndege uanze kujengwa Msalato. Nilikuwa nimeamua kukwambia umwachie. Niliona kazi ya ofisi imenishinda, shamba nitaliweza wapi? Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Alasiri upepo ukageuka, mvua ikanukia. Sijui nini kilininyanyua. Nilijikuta napiga kelele, "Vyombo nje!" vilevile unavyotupigia wewe, nikaingia jikoni kwa watu bila hodi. Nikatoa ndoo, mabeseni, karai la kufulia. Hata maharage niliyamimina kwenye bakuli ili nipate sufuria. Nikavipanga vyote chini ya ukingo wa bati. Mvua ikashuka, nami nimelowa chapachapa, natoa ndoo iliyojaa, naweka tupu.

Nilipoinua kichwa, wageni wote walikuwa barazani wananitazama. Na nyuma yangu, hapo hapo, lipo ziwa zima la maji matamu ambalo ng'ambo yake haionekani.

Mama Erica alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani mwanangu! Maji yote haya ya nini?"

"Ya mizabibu ya shangazi," nikajibu.

Ndivyo ilivyotoka, sikuipanga. Wakacheka zaidi, nikacheka nao, kisha nikalia. Mvua ilikuwa imeshanilowesha uso, hakuna aliyejua.

Kwa hiyo usimwachie mtu shamba, Shangazi. Narudi, na nitafika kabla ya mavuno. Kupogoa sijui vizuri, na utanigombeza kila asubuhi, nigombeze tu. Nimeshamwambia Mama Erica. Alinuna kidogo, halafu akaanza kunifungia usipa wakavu nikuletee. Barua hii anakuja nayo dereva wa lori hadi Mbeya, huko itapanda basi.

Nisalimie Zablon, na jirani yetu Mama Anitha. Mzee Silvano mwambie ule mlenda mkavu alionifungia safarini nimeupika hapa, na waliouogopa kwa utelezi wake ndio waliolamba sahani. Mungu akutunze, akulegezee hilo goti, na awape mvua ya kiasi, isiharibu zabibu.

Ikinyesha kabla sijafika, ndoo zangu ziko nyuma ya jiko. Ile iliyotoboka usiitupe. Nakuja kuiziba.

Mimi binti yako, nikupendaye sana,
Violeth