Diwani Aliuliza Mara Tatu

Ile sauti kwenye grupu la familia uliisikiliza, tiki za bluu zinakuumbua. Ukajifanya huna habari.

Sasa sikia. Shangazi yako, fundi cherehani mwenye kibanda sokoni, asiyekosa kikao cha kata tangu tukiwa wadogo, leo kabaki nyumbani! Sauti imemwambia kuvunja vibanda vya soko kumeshapitishwa, kikao ni maigizo tu. "Niende kuwapigia makofi wezi?" akasema, akaendelea kushona.

Diwani akauliza, "Nani anapinga?" Mara tatu! Viti vitupu, maana sauti ile ilishazunguka soko zima. "Basi, wenye vibanda wameridhia."

Wameridhia! Umesikia?

Na sauti yenyewe ni ya mwaka juzi, ya soko lingine kabisa. Ulijua, maana kwenye soko lile ulifukuzwa wewe mwenyewe.

Shangazi alipoelezwa, mguu ukaganda kwenye pedali. "Kwa hiyo kibanda nimejivunjia mwenyewe?"

Pingamizi zinapokelewa mpaka kesho mchana, lakini kagoma kupeleka yake. Hamwamini tena mtu, si diwani, si simu.

Usiniandikie "pole". Inuka, kamwambie kwa mdomo wako kwamba ulijua, kisha mshike mkono mwende ofisi ya kata. Sasa hivi!