Boriti Nne Nilizozitia Chaki

KITUO CHA POLISI, JOHANNESBURG
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Placide Mushagalusa. Umri: miaka 68. Kazi: mlinzi, zamani mwalimu wa ujenzi wa madaraja, Bukavu. Makazi: Marshalltown. Tarehe: 15 Julai 2025.

Ninaeleza juu ya daraja lililovunjika na kumuua mke wangu, Clémentine. Gustave, mlinzi mwenzangu, amekamatwa kwa kukata boriti zake. Nataka ijulikane ni nani aliyemwonyesha.

Daraja hilo la mbao, lenye paa na kuta, lilijengwa mwaka 1909 juu ya kijito, katika bustani ya zamani ya mgodi tunayoilinda, karibu na Newtown. Kanisa letu halina jengo, kwa hiyo tunasali humo. Kila ubavu wa daraja ni kiunzi cha pembetatu: boriti nene za mshazari husukumwa, vyuma vya wima huvutwa. Katikati ziko boriti nyembamba zilizoinamia upande wa pili.

Mnamo Jumamosi tarehe 5 Julai, saa tisa alasiri, nilimweleza Gustave hayo. Zile nyembamba nne za ubavu wa kusini nilizitia chaki, nikasema, "Hizi zimepumzika."

Alicheka. "Professeur, kumbe zinakula mshahara wa bure kama bosi wetu!"

Clémentine alituletea chai. Akaniambia, "Papa Benita, mwache mwenzako anywe. Ukianza madaraja, mtu anazeeka."

Niliishia hapo. Somo lilikuwa limebaki nusu. Boriti hizo hupumzika pale tu mzigo unapoenea sawasawa. Watu wakijaa nusu moja ya daraja, msukumo hugeuka, na hakuna kingine cha kuubeba ila hizo.

Wamama wa kanisa walikuwa wakikaa sakafuni, na Julai hapa ni baridi kali. Ijumaa tarehe 11 Gustave alizikata zote nne kwa msumeno, akawatengenezea benchi. Hakuniuliza, kwa kuwa chaki ilikuwa imekwisha kumjibu. Jumapili tarehe 13 asubuhi nililiona benchi mlangoni. Nililisifu.

Saa nne na dakika ishirini kwaya iliingia ikicheza kutoka mashariki, watu kama arobaini, Clémentine mbele. Walipofika katikati, nyuma yao palikuwa pamejaa, mbele patupu. Ndipo nikaona zile nafasi nne zilipokuwa boriti. Nikamwita kwa jina la binti yetu: "Mama Benita, tokeni!" Alidhani natania. Akanipungia kitambaa. Kiunzi cha kusini kikakatika.

Gustave aliingia majini kabla yangu. Alipomtoa, alikuwa amekwisha kufa. Benchi halikuvunjika.

Chaki mliyoikuta kwenye vipande vilivyobaki ni yangu, si yake.

Nimesomewa niliyoyasema, ndiyo hayo, na ninayatia sahihi.

(Sahihi) P. Mushagalusa

Maelezo ya ofisa: Nimeandika kupitia mkalimani, Bi. Najma. Nilimwonya shahidi kwamba maneno haya yanaweza kumfanya ashtakiwe. Alisema, "Andika." Nilimuuliza nimpigie nani simu aje kumchukua. Alinipa namba ya marehemu.

Sajenti V. Sithole