Damu ya Kumwaga

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Matembele tena. Nimeyachemsha, nikachuja, nikatia nyanya na sukari, nikanywa vikombe viwili vya maji mekundu. Mwezi wa pili huu. Kizunguzungu hakitoki. Macho mekundu. Nikioga maji ya moto ngozi inawasha mpaka natamani kujikuna kwenye ukuta. Majirani wote wanasema nimekosa damu. Mtaa huu kila mtu daktari, na mimi mwalimu mzima nawasikiliza.

Jumatano, tarehe 5

Binti yangu Asha amenipeleka hospitali kwa nguvu. Ananifokea kama mimi ndiye mtoto.

Daktari alisoma karatasi, akapima upya, akasoma tena.

— Mama, haukukosa damu. Iko mingi kupita. Njo maana iko nzito, inaweza kuganda ku kichwa.

Maswali. Navuta sigara? Mapafu yangu? Nakoroma? Nakunywa maji kidogo? Niliishi milimani, kwenye hewa haba? Nimeishi Kindu, na miaka mitatu Kalima nikifundisha. Basi labda ni mifupa, huko damu inakotengenezwa, imesahau kupumzika. Kipimo cha kujua kitapelekwa Kinshasa. Matembele basi. Dawa ya kuongeza damu basi. Maji mengi, kidonge kidogo cha aspirini kila siku. Na kila wiki watanitoa mfuko mmoja wa damu mpaka ishuke.

Niliuliza watampa nani. Hakuna, alisema. Damu ya mgonjwa hapewi mtu. Inamwagwa.

Nikainuka, nikatoka. Asha alinikimbilia mpaka barabarani.

Ijumaa, tarehe 7

Siendi. Asha amelia, ameniita kichwa ngumu. Sawa.

Zaina, marehemu mdogo wangu, amerudi. Tangu juzi yuko kila mahali. Nikifua, yuko kwenye maji ya beseni. Nikiinua macho, yuko mlangoni na kile kitenge cha siku ile, kimelowa mpaka chini. Angenitukana ningepumua.

Jumapili, tarehe 9

Asubuhi mkono wa kushoto ulikufa ganzi. Kikombe kikaanguka. Umerudi, lakini vidole bado vizito. Naogopa kufa kabla ya kusema. Wacha niandike kwanza.

Wakati wa vita. Mji umefungwa, treni haiji, unga hakuna. Zaina, mdogo wangu, alimzaa Asha asubuhi, na damu ikakataa kukatika. Muuguzi akapima yangu, ikafaa. Mfuko mmoja, alisema, utatosha. Sikuwa nimekula siku mbili. Niliona sindano, nikaona kaburi langu. Nikasema nakwenda kutia kitu tumboni, narudi sasa hivi. Nikakaa nyuma ya mlango wa nyumba yetu mpaka jua likapinda. Hakukuwa na kitu cha kula. Nilijua hivyo nilipotoka.

Niliporudi walikuwa wamemfunika.

Nilisema risasi zilifunga njia. Siku ile haikulia hata moja. Watu walinihurumia, wakanipa mtoto. Asha anajua ni nani aliyemzaa. Hili halijui. Ananiita Mama.

Jumatatu, tarehe 10

Nimemwambia. Alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama kwenye ungo.

— Mufuko moja tu?

— Moja tu.

Akamaliza kuchambua. Akapika. Hakula.

Jumanne, tarehe 11

Anaweka sahani mbele yangu, anaondoka. Ni haki yangu. Najuta kusema, kisha najuta kwamba najuta.

Jumatano, tarehe 12

Vivyo hivyo. Nimesikia akilia nyuma ya jiko. Nilitaka kwenda. Kwa uso gani?

Zaina leo sikumwona mlangoni. Nyumba imekuwa tupu zaidi.

Alhamisi, tarehe 13

Asubuhi nilikuta chupa ya maji mezani, imejaa, na Asha amekwisha kuvaa viatu. Hakuuliza kama naenda. Tulitembea hadi hospitali.

Walinilaza. Sindano iliuma kidogo, chini ya kuumwa na siafu. Mfuko ulijaa kabla sijamaliza kuhesabu mbao za dari. Ndiyo hiyo tu niliyoikimbia. Nililia, muuguzi akadhani ni maumivu.

Nilipogeuza kichwa, Asha alikuwa amelala kitanda cha pili, mkono wake umenyooshwa. Kuna mama materniti, amejifungua leo, ndugu zake wako mbali, Lubutu. Hatumjui. Asha alikuwa amewauliza mwenyewe kama kuna mtu anayengoja damu.

Mfuko wangu umemwagwa. Wake uliondoka na muuguzi anayetembea mbio.

Tumerudi polepole, wote wawili tumepungua. Hakuniita Mama. Penye mtaro alinishika mkono, nikavuka.

Alhamisi ijayo tena.